Kilima Kilichofagiwa kwa Ajili ya Mgeni

Chumba changu kilikuwa cha mwisho Temeke, upande wa baharini, na nyuma yake kulikuwa na kilima cha mchanga kisichojua kukaa mahali. Kusi likivuma, namnyanyua mwanangu kitandani namkung'uta kama mkeka. Ugali tulikuwa tunaulaga kwa kuumeza tu, ukitafuna meno yanalia.

Basi bwana miti akatuletea majani yanayotambaa, yenye maua ya zambarau. Tulipanda wanawake, watoto mgongoni, ndoo kichwani. Yakashika. Kilima kikatulia, kikaitwa hifadhi, na mie nikaanza kulala mdomo wazi.

Ikaja habari kwamba mgeni rasmi anakuja kuitazama. Siku yenyewe alfajiri mjumbe wetu wa nyumba kumi akapuliza filimbi ya kazi za kujitolea. Mie nilikuwa nimempeleka mtoto kliniki. Niliporudi, kilima kilikuwa kimeng'olewa majani yote, kimefagiwa, mistari ya ufagio imenyooka kama kichwa kilichosukwa. Hadi mawe yamepakwa chokaa!

"Shikamoo mjumbe," nilisema, maana nimelelewa. "Mmefanya nini?"

"Marahaba. Usafi, mama. Mgeni akute pori?"

"Mmeng'oa hifadhi!"

"Tumeng'oa majani. Hifadhi si hiyo hapo?"

Nilitamani kumpiga kwa ufagio wake.

Mgeni alihutubia, akapigiwa makofi, akaketi kula. Kusi nalo likaanza. Alitafuna pilau mara moja, akasita.

"Mbona ina mchanga?"

Mjumbe akanikodolea macho kana kwamba nimepika mie.

"Hiyo ndiyo hifadhi uliyokuja kuiona, ndugu mgeni," nikasema. "Karibu. Usiku itakuwa kitandani kwa mwanangu."

"Mama, kaa chini!" mjumbe akafoka.

Sikukaa. Mgeni akauliza majani yamekwenda wapi. Wote tukageuka: mbuzi wa mjumbe walikuwa juu ya lundo la majani, wanatafuna kwa raha zao.

Sijawahi kumwona mtu mzima ndani ya suti akigombania mizizi na beberu kama mjumbe siku ile. Iliyosalimika tuliipanda jioni ileile. Safu ya nyuma ya chumba changu nikampa yeye, na kila asubuhi alipokuja na ndoo ya maji kumwagilia nilimwamkia dirishani kwa adabu zote:

"Shikamoo mjumbe. Kule kushoto umeruka."