Niliyeziba Ngazi kwa Swala

Nacheka, lakini nashukuru. Kwa miaka mingi nilizurura, toka Nampula mpaka Mtwara, nikaweka nadhiri: nikirudi Mocímboa da Praia salama, kabla ya kubisha hodi kwa mtu nitaswali rakaa mbili katika msikiti wa utotoni mwangu.

Nilirudi juzi mchana. Nilishaambiwa msikiti umekarabatiwa. Katika mtaa wetu wa zamani nikaona jengo jeupe lenye baraza na mlango wa nakshi. Nje palikuwa na bomba, na viatu vimepangwa mlangoni. Machozi yakanitoka. Nikatawadha, nikaingia, nikaona tao, nikalidhani mihrabu. Nikatandika shuka, nikaanza.

Muda si muda nikasikia watu wakisimama nyuma yangu, mmoja baada ya mwingine. Kumbe wamenifanya imamu! Nikarefusha sijida kwa furaha.

Nilipotoa salamu na kugeuka, nilimwona mama mwenye ndoo ya samaki, na mwanamume mwenye mtungi wa gesi begani, jasho likimtiririka.

"Umemaliza, shehe?" akauliza yule mwanamume. "Ngazi zetu ziko ndani ya hilo tao. Hii ni predio, nyumba ya wapangaji, imejengwa ifanane na mtaa. Msikiti ni jengo linalofuata."

"Mbona hamkupita?"

"Tupite mbele ya mtu anayeswali?" mama akashangaa. "Na ulivyokuwa unalia! Tulidhani umefiwa."

"Nimerudi nyumbani," nikasema.

"Basi pokea mtungi huu," mwanamume akacheka. "Chai iko juu."