Alama Kwenye Paja la Binti Yangu

Muuguzi wa shule aliniketisha, akanimiminia maji, kisha akaniuliza ni nani nyumbani anayempiga binti yangu. Nilidhani sikusikia vizuri. Lakini Kiswidi changu si kibaya, nimewatunza wazee wa Stockholm miaka mingi kwa lugha hiyo hiyo. Akarudia swali kwa upole, na upole ule ulinikasirisha kuliko matusi.

Binti yangu ana miaka saba. Watoto walipokuwa wakivaa nguo za michezo, mwalimu aliona alama kwenye paja lake, duara jeusi la kizambarau lenye ukubwa wa kisahani. Mimi nilikuwa nimeiona, nikafikiri ameanguka na baiskeli. Wao walifikiri ni mkono wangu. Daktari wa kituo cha afya aliitazama akiwa amesimama, akasema ni damu iliyovilia, na habari zetu zikapelekwa ustawi wa jamii. Wakaja, wakauliza maswali yao, wakafungua hata friji. Tangu siku ile nikawa ninalipiga picha lile paja kila asubuhi, nikiulizwa tena niwe na ushahidi. Duara lilitanuka, likafifia, nikashukuru Mungu yamekwisha.

Kumbe. Asubuhi moja alikuwa anakunywa uji, nao ukamtiririka pembeni mwa mdomo. Nusu ya uso wake ilikuwa imelala. Jicho la kushoto halikufumba. Nilipiga yowe mpaka jirani akagonga ukuta.

Wazo la kwanza lilikuwa hospitali. La pili, naona haya kulisema, lilikuwa kwamba sasa watasema nimempiga kichwani. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nilisimama mlangoni na koti lake mkononi, miguu haitaki kwenda. Nikampigia mwenzangu wa kwaya, mama Mkongo anayekaa Rinkeby, kwa sababu mtoto wake aliwahi kupinda uso.

"Mama, usiogope," akasema. "Wa kwangu alikuwa vile vile, na akapona. Kwa kituo usirudi. Enda urgence ya watoto, kule hospitali kubwa wanapokea wagonjwa wa haraka, uulize ule docteur mwanamke, wa nywele fupi. Ule anajua."

Tukaenda hospitali, tukamsubiri huyo daktari mpaka mchana. Alipofika hakuanza na mimi. Alimpigia magoti mtoto, akamwambia acheke, ajaze mashavu hewa, afumbe macho kwa nguvu. Kisha akaniuliza kama ngozi yake iliwahi kuwa na alama yoyote. Nikamkabidhi simu, na kabla hajaitazama nikasema, "Sikumpiga."

Alipitia picha zote polepole, akarudi ya kwanza.

"Najua hukumpiga," akasema. "Huyu aliumwa na kupe."

Kupe! Mimi nimekulia Kitale, nimeswaga ng'ombe wa baba kwenda josho. Kupe ni wa ng'ombe na mbwa. Hakuna aliyeniambia kwamba katika nchi hii safi, wanakovua viatu mlangoni, kupe hukaa majanini kwenye kile kimsitu shule inakowapeleka watoto kucheza. Akanieleza kwamba huyo mdudu huacha vijidudu mwilini, na vikipata nafasi hufika kwenye mishipa ya fahamu. Kwenye ngozi nyeupe duara huwa jekundu na kila bibi hapa analijua. Kwenye ngozi yetu laweza kufanana na jeraha la kipigo, na hata madaktari hulikosa.

Mtoto wa Kizungu angepewa dawa siku ile ile. Wangu aliulizwa nani anampiga.

Walimtoa maji ya uti wa mgongo, akaanzishiwa dawa, na daktari akasema kuna matumaini makubwa uso utarudi. Siku waliyoturuhusu, tukiwa kwenye treni, nikamuuliza kama kichwa kiliwahi kumuuma kabla uso haujapinda. Akatazama dirishani, akanijibu kwa Kiswidi kama kawaida yake.

Kiliuma sana, alisema. Kila siku.

"Na mbona hukuniambia, mama?"

"Ungenipeleka kwao. Waliniuliza kama unanipiga, nikasema hapana. Wakaniuliza tena. Nikaogopa nikirudi hawataniamini, watanichukua. Kwa hiyo nikanyamaza."

Treni ilifika Rågsved, kituo chetu, milango ikafunguka, nami sikuweza kusimama.