Kinyozi na Kamba ya Mkewe

Kinyozi wetu akikunyoa ndevu, mkono umetulia utadhani wa daktari. Sasa mshikishe kamba iliyomfunga mkewe mtoni, utamwonea huruma.

Sisi ni waokoaji wa kujitolea: mwashi, muuza mkaa, mimi fundi viatu, kinyozi na mkewe, ambaye kwa kuogelea anatuacha wote mbali. Anayeingia majini hufungwa kamba kiunoni, mwenzake anaishika ukingoni. Akivuta mara moja, mwongezee kamba. Mara mbili, mrudishe. Na tuna sharti: mume hashiki kamba ya mkewe. Tusifichane, tulilitunga kwa ajili ya kinyozi. Kwenye mazoezi alimrudisha mkewe maji yakiwa bado magotini. Mama wa watu akaja akikokotwa, amefura kwa hasira, siku mbili hakumsemesha. Mara ya pili vilevile. Jamani! Tangu hapo kinyozi akawa mbeba mataulo, na ilimuuma sana.

Juzi asubuhi mto ulifurika, ukamkuta fundi wa pampu juu ya paa la kibanda chake, maji pande zote, ukuta mmoja umeshaanguka. Mwashi ana homa. Muuza mkaa yuko safarini. Mimi bega limeteguka, hata nyundo siinui. Majirani wamejaa ukingoni, lakini ishara za kamba hawazijui. Amebaki nani? Mbeba mataulo.

Mkewe alijifunga, akamkabidhi ncha. "Nikivuta mara moja, uniongezee," akamwambia. "Ukinirudisha, yule anakufa."

Alipofika katikati, maji yakamfunika. Kamba ikavutwa, mara moja. Nikamtazama kinyozi: machozi yanamtiririka, anamwita mkewe kwa majina ya chumbani ambayo sikupaswa kuyasikia. Mimi ningemrudisha, nasema kweli. Yeye akaongeza kamba. Akaongeza tena. Kichwa cha mama kikaibuka kando ya kibanda.

Kamba ilipovutwa mara mbili, majirani wakadaka mkia wake, wakavuta pamoja naye. Kibanda kilisombwa kabla mama na fundi wa pampu hawajafika ukingoni.

Mama alitema maji, akaketi kwenye tope mbele ya mumewe. Kinyozi alikuwa bado ameing'ang'ania kamba, vidole vimegoma kufunguka. Mkewe akavifungua kimoja kimoja, taratibu, mbele za watu wote. Kumcheka tulianza kesho yake.