Nilifunika Mstari Nikaapa Nimeufuta

Ndugu zangu, mimi hakuna kitu kingeweza kunishangaza. Ndivyo nilivyokuwa nikisema, tena kwa sauti. Mtu aliyepasua mawe Lukenya akiwa na miaka kumi na sita, akaacha nyundo, akanunua mashine moja ya fotokopi ya mtumba, akafungua duka la kuprinti katikati ya Machakos bila kusaidiwa na mtu, ashangazwe na nini tena?

Basi nimeshangazwa. Na kosa ni langu mwenyewe, ingawa nilimsukumia mtu mwingine. Jina langu sitaweka hapa, na majina ya wenzangu nimeyabadilisha, lakini watu wa mjini watanijua. Wanijue tu!

Shule niliacha darasa la saba, na sioni haya. Niko na duka, niko na ploti, niko na watoto wawili chuo kikuu. Kadi za harusi tunatengeneza, kalenda, vitabu vya risiti. Lakini kazi inayotulisha hasa ni mazishi. Huku kwetu mtu hazikwi bila kijitabu: picha yake mbele, ratiba ya ibada, halafu historia ya marehemu, alizaliwa wapi, alioa nani, aliacha watoto gani. Hiyo historia watu huisoma kwa kidole, neno kwa neno, maana mtoto asiyetajwa vizuri humo kesho ataulizwa anadai shamba kama nani.

Kazi ya kompyuta ilikuwa ya Mwende. Mama wa watoto wawili, ana diploma yake, amenifanyia kazi miaka sita. Yeye ndiye aliyezijua zile programu za kurekebisha PDF na kuzipanga kurasa ziende mashineni. Mimi nilijua kufungua faili, kuchora juu yake na kubonyeza printi. Nikadhani basi, yamekwisha hayo!

Alhamisi moja saa saba mchana Mwende ametoka kwenda kula, akaingia mama mmoja wa Mwala. Nitamwita mama Kavata. Mume wake alikuwa azikwe Jumamosi, na faili ya kijitabu ilikuwa imeletwa kwangu na shemeji yake, mdogo wa marehemu. Ilikuwa PDF iliyopangwa tayari, ya kuprinti tu, nakala mia tano.

"Mwanangu, uko peke yako?" akauliza.

"Niko peke yangu, mwaitu. Keti." Mwaitu ndiyo heshima ya mama kwetu Ukambani.

Hakuketi. "Ukurasa wa tatu, kuna mstari shemeji yangu ameweka. Kamati ya mazishi imesema utoke. Utoe."

Nikaufungua, nikausoma. Ulisema Kavata, binti mkubwa, aliletwa na mama yake akiwa wa miaka miwili, na si wa damu ya marehemu.

Nikamtazama. "Yeye mwenyewe anajua?"

"Hajui. Mzee alimlea kama wake, akakataza mtu yeyote kumwambia. Huyu shemeji yangu anataka lile shamba la mtoni, ndiyo maana." Akanyamaza kidogo. "Na anayesoma historia Jumamosi mbele ya watu ni Kavata. Anafundisha nasari huko Kitui, atafika kesho jioni. Sitaki asikie hivyo. Nitamwambia mimi, siku yangu ikifika."

"Mwaitu, hiyo ni kazi ya dakika moja!"

Ningemwambia angojee Mwende amalize kula. Lakini mimi? Nimngojee mfanyakazi wangu kwenye duka langu? Nikachora kisanduku cheupe juu ya ule mstari, ukapotea. Nikaprinti ule ukurasa mmoja kwa mashine yetu, nikampa. Akapitisha kidole pale palipobaki peupe, taratibu, kama mtu anayetafuta mwiba kwenye ngozi.

"Umefuta kabisa?"

"Kabisa! Hata shetani mwenyewe akiutafuta hataupata."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Mungu akuweke," akasema, akaenda zake.

Mwende aliporudi akaangalia ile faili, akagusa kitu hapa, akagusa pale, akageuka.

"Mzee, hii umeweka ni kiraka tu. Maneno bado iko chini."

"Iko wapi? Nionyeshe kwa karatasi."

"Kwa karatasi yetu haionekani kwa sababu mashine yetu inaprinti mpaka viraka. Lakini mashine zingine zinaprinti faili yenyewe, viraka zinaruka. Nipe dakika mbili nifute mstari wenyewe."

Dukani kulikuwa na wateja wawili wanangojea kadi zao. Wakainua masikio. Mimi nikaona nadharauliwa mbele za watu.

"Mwende, nani mwenye duka hii?"

"Ni wewe, mzee."

"Na nani alipasua mawe Lukenya ndio wewe ukalie hicho kiti?"

"Ni wewe. Lakini PDF haipasuliwi na nyundo, mzee."

Wale wateja wakacheka! Mmoja akapiga meza na kiganja. Ndugu zangu, kicheko hicho ndicho kilichoniua. Mwende naye alikuwa anatabasamu, hakuwa na ubaya wowote, ilikuwa mizaha yetu ya kila siku. Lakini siku hiyo nilikuwa nimeshikwa mkono na kuombewa kwa Mungu, nilijiona profesa.

Mashine yangu haiwezi nakala mia tano za rangi kwa siku moja. Kazi kubwa huwa natuma kwa kiwanda kimoja cha kuchapa kule Athi River. Nikaivuta kompyuta kwangu, nikaituma ile faili kwa barua pepe ya duka, pale pale, mbele ya wateja, na kiraka chake juu.

"Imeenda," nikasema. "Sasa nenda ufundishe nyundo."

Mwende hakucheka. Alisema tu, "Mzee, wakileta, fungua uangalie ukurasa wa tatu." Akarudi kwa kadi za watu.

Sikufungua! Jumamosi asubuhi nilichukua maboksi Athi River, yamefungwa na selotepu, nikayapakia kwa gari, nikavaa tai, nikaenda Mwala mwenyewe. Nilitaka nionekane. Nikayafikisha hema zimeshajaa, vijitabu vikaanza kugawanywa, na mimi nikapewa kiti cha mbele kama mgeni wa maana.

Ilipofika historia ya marehemu, mchungaji akamwita Kavata. Mwanamke wa miaka thelathini na moja, mrefu, leso kichwani. Akashika maikrofoni. Ni mwalimu, anasoma bila kugugumia, sauti yake inafika mpaka kwa wale waliokaa nje ya hema. Akasoma baba yake alizaliwa wapi, alisoma wapi, alifanya kazi gani. Akafungua ukurasa wa tatu.

Mtu anayesoma vizuri mdomo wake hutangulia akili. Alilitaja jina lake, akasoma "aliletwa na mama yake akiwa wa miaka miwili", akasoma "na si wa damu ya", hapo akasimama.

Nikakifungua changu. Mstari uko pale! Mweusi, mzima, kama vile sikuwahi kuugusa.

Watu mia tano wakawa wanafungua ukurasa wa tatu kwa pamoja. Ile sauti ya karatasi sijaisahau. Mama Kavata alikuwa amekaa karibu na jeneza, hakuinua macho. Shemeji yake alikuwa anajipepea na kijitabu.

Nilifikiri Kavata atalia, au ataanguka, au atamrushia mtu ile maikrofoni. Hakufanya hata moja. Aliumalizia ule mstari. Akasoma na ndugu zake wanaomfuata, mmoja mmoja, akasoma na wajukuu, akasoma na siku za ugonjwa, mpaka neno la mwisho. Akamrudishia mchungaji maikrofoni kwa adabu. Watoto walipoitwa kutupa udongo kaburini, yeye alibaki ameketi. Dada yake mdogo akaenda kumvuta mkono. Akamwambia, nilikuwa karibu nikasikia, "Enda wewe. Huyo ni baba yako."

Aiai! Mimi nimebeba mawe, lakini hilo sijawahi kulibeba.

Sasa nisikilizeni, maana mpaka hapo ni kosa. Kuanzia hapa ni uovu.

Baada ya mazishi mama Kavata alinijia nyuma ya nyumba, akiwa na mzee wa kamati. Hakupiga kelele. "Uliniambia umefuta."

Ukweli ulikuwa mdomoni. Nikautazama uso wa yule mzee wa kamati, nikafikiria duka, nikafikiria jina langu.

"Mwaitu, mimi nilifuta," nikasema. "Ni yule msichana wangu wa kompyuta. Alirudisha. Nafikiri shemeji yako alimpatia kitu."

Nilisema hivyo! Kwa mdomo huu huu ninaolia chakula. Kumwita mla rushwa mtu aliyenionya!

Jumatatu nikamfukuza Mwende. Alisimama mbele ya meza, mkoba begani.

"Mzee, umewaambia ni mimi?"

"Kazi ya kompyuta ni ya nani hapa?"

"Nimekuuliza, umewaambia ni mimi?"

Nikajifanya nahesabu risiti. Akaweka funguo za duka juu ya meza, akaenda kwao Kinanie. Sikumlipa hata mshahara wa mwezi ule. Nikajiambia ni adhabu. Mnaona mtu anavyoweza kujidanganya mpaka akaulipia uongo wake kwa mshahara wa mtu?

Wiki mbili baadaye mlango wa duka ukafunguka, akaingia mama Kavata. Nyuma yake Mwende, akabaki kizingitini, hakutaka kukanyaga ndani.

Kumbe yule mama alikuwa amekwenda mpaka Kinanie kumlaani. Alimkuta anafua nguo za watoto. Mwende akafuta mikono, akamwambia, mama, nilaani, lakini kwanza uone kitu. Barua pepe ya duka ilikuwa bado kwenye simu yake, mimi hata kuifunga sikujua. Akaifungua ile faili niliyotuma.

"Soma," mama Kavata akaniambia, akinisogezea ile simu.

"Sina miwani."

"Soma, mwanaume!"

Ndugu zangu, hizi programu zinaandika kila kitu. Ukichora kisanduku, chenyewe kinaweka jina la aliyekichora, na siku, na saa. Mwende alikuwa amekigusa kile kiraka cheupe, na pembeni kikatoa jina langu, majina yote mawili, saa saba na dakika kumi na nne. Saa hiyo Mwende alikuwa kibandani anakula muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, na mama Kavata mwenyewe alikuwa amesimama mbele yangu. Faili ilikuwa imeenda na kiraka changu bado juu na mstari mzima chini yake; hakuna aliyerudisha kitu.

Nilikohoa. Nikasema, "Mwaitu, mashine ya Athi River ndiyo..."

"Usiseme." Akaweka kiganja juu ya meza. "Kosa la kwanza ningekusamehe. Hata mimi nilimficha mtoto miaka yote hiyo, nilijua siku moja ingefika. Lakini ulinituma niende kumlaani mtoto wa mtu mwingine. Kama hangekuwa na hiyo simu, ningemlaani na watoto wake."

Mwende pale mlangoni alisema neno moja tu: "Mzee." Kama mtu anayeita jina aone kama mwenyewe yuko nyumbani.

Nilienda Mwala nikasema ukweli mbele ya kamati nzima, nimesimama, kofia mkononi. Nilirudisha pesa za ile kazi. Nilipeleka mbuzi wa kuomba msamaha. Nilimlipa Mwende mshahara wake na haki zake zote za miaka sita, na nikamwomba arudi. Alihesabu, akatia saini, akasema, "Asante, mzee. Hapana." Sasa anafanya kazi ya mtu mwingine mjini, na wateja wangu wa mazishi wamemfuata. Wana haki.

Nilichapisha hata nakala mia tano mpya, mstari umetolewa kweli kweli, nikampelekea mama Kavata. Aliyatazama yale maboksi uwanjani.

"Za kumpa nani?" akauliza.

Kavata hajarudi tangu siku ile. Simu ya mama yake hashiki. Shemeji ameshapiga nguzo kwenye shamba la mtoni, na akiulizwa anatoa kijitabu mfukoni, anasema ona, imechapishwa, na Kavata mwenyewe aliisoma mbele ya kanisa zima. Kijitabu nilichoprinti mimi!

Nyinyi mnaofanya kazi hii ya karatasi za watu, nisikieni. Kufunika si kufuta. Toa maneno yenyewe, kisha jaribu kuyatafuta kama adui. Boksi likifika, lifungue kabla mwenye msiba hajalifungua. Na wewe mwenye duka uliyetoka mbali kama mimi, mtu wako akikwambia umekosea mbele za wateja, cheka nao, halafu mpe kiti arekebishe. Ukishakosea, usitafute mgongo wa mtu mdogo kuweka mzigo wako. Mimi niliutafuta, nikaupata, na sasa nikipita mbele ya duka anapofanya kazi Mwende navuka barabara.

Marafiki wakiniuliza hiyo kesi ya Mwala ilinigharimu nini, ya Kavata siwaambii. Nawatajia pesa tu, maana hiyo naweza kuitaja nikiwa nimekauka macho: shilingi laki moja themanini na tatu elfu, mia sita na hamsini.