Mwenye Ngoma ya Chumvi

Mama yangu, Eufrasia, ndiye aliyeitunga Ngoma ya Chumvi. Naanza na hilo kwa sababu watu wa mji wetu, Salitre, hawalisemi. Alikuwa mbeba chumvi. Kutwa yuko ziwani, kikapu kichwani. Akirudi anatupanga wasichana uani, tuyumbe kiunoni bila kikapu kuanguka.

"We Obdulia! Unacheza au umekanyaga siafu?" ananifokea.

Mwaka mmoja kamati ilitoka Oaxaca, mji mkuu wa jimbo, kuja kuchagua ngoma za sikukuu ya Julai inayochezwa kilimani huko. Sharti lao tulilijua: ngoma iwe ya mababu. Ikiwa na mtungaji aliye hai, haipandi kilimani.

Don Leovigildo, mkuu wa mji, alimfuata mama jikoni.

"Dada Eufrasia, wakikuuliza, wewe hukutunga kitu. Wasichana wameshashonesha sketi."

"Sketi zao nimezisikia. Na mimi je?"

"Dada, tafadhali."

"Tutaona."

Hiyo "tutaona" ilitukosesha raha mji mzima. Mama hakujua kudanganya. Hata msibani alimsema marehemu.

Siku ikafika, tukacheza. Viganja vyangu vilitota jasho, kikapu kikawa kinateleza kila nikikigusa. Tulipomaliza, mwalimu mmoja wa kamati akamwita mama mbele.

"Huo mzunguko wa kupiga goti, mama, nani alikufundisha?"

Wapiga tarumbeta wakashusha vyombo. Don Leovigildo aliikanda kofia yake kama unga wa mahindi. Nilitaka mama aseme kweli, na nikaogopa akiisema.

Mama alitutazama, mmoja mmoja.

"Bibi yangu," akasema.

"Naye?"

"Naye bibi yake."

Huyo bibi yake mama alikuwa kiwete tangu utotoni. Hata harusini kwake hakucheza. Mji mzima ulijua. Mji mzima ukapiga makofi.

Tulipanda kilimani, na tunapanda hadi leo. Mtangazaji husema "urithi wa wahenga", watu wanashangilia. Mama alikufa bila kutajwa hata siku moja.

Juzi niliwakuta wasichana mazoezini, nikamwambia mmoja, "Goti la kushoto kwanza, mwanangu. Mama yangu alilipanga hivyo."

Mwalimu wao, mpwa wa Leovigildo, akacheka. "Shangazi, ngoma ya mababu haina mwenyewe. Kaa kivulini upumzike."

Niliwageukia wenzangu niliocheza nao zamani. Wakainama, wakajifanya wanafunga viatu vya wajukuu.

Siku hizi wote wanaanza na goti la kulia.