Mgongo wa Mama Mkwe

Watu huniuliza kwa nini nilipanda gari kutoka Nyamisangura hadi Mugumu kumwona daktari, wakati Tarime mjini hospitali zipo. Jibu ni rahisi: Tarime kila muuguzi ni shangazi wa mtu. Ningeingia getini saa tatu, na saa nne mama mkwe angekuwa anajua hata rangi ya sketi niliyovaa.

Na mama mkwe ndiye niliyekuwa namkimbia. Si kwa ubaya, maana ananipenda kuliko anavyolipenda jembe lake. Lakini mwaka wa tatu wa ndoa ulikuwa unaisha na kwangu hakujalia hata kitoto cha paka. Siku moja alikuja, akavuta kigoda, akasema, "Mwanangu, mahindi yakishavunwa nitatoa ng'ombe wangu uoe binti. Atazaa, na watoto watakuita wewe mama."

Sisi Wakurya tunaiita nyumba ntobhu, mwanamke kuoa mwanamke ili nyumba yake isikose watoto. Bibi yangu aliishi hivyo, na siku ya kumzika kilima kizima kilihamia kwetu. Ni jambo la heshima. Ila mimi nilitaka uchungu wangu mwenyewe, nipige kelele hadi kule mpakani Sirari wafikiri mpaka umefungwa. Na mahindi, kwa hasira zao, mwaka ule yalikuwa yanakua kama yamelipwa.

Nilikwenda nikijiamini. Kidato cha nne nilikimaliza shule ya jioni, baada ya kufunga genge la nyanya, na biolojia niliipenda kuliko chakula. Tatizo ni kwamba mwalimu alipofika sura ya uzazi umeme ulikatika, na uliporudi wiki iliyofuata yeye akaendelea na sura ya mimea. Kwa hiyo kuhusu mbaazi najua kila kitu.

Daktari alikuwa binti mwembamba mwenye sauti ya kukalisha fahali. Aliniuliza maswali elfu moja hivi, kisha akasema, "Mume yuko wapi?"

"Yuko chini ya ardhi, daktari."

Kalamu ikasimama. "Pole sana, mama."

"Hapana, ni mzima kabisa! Ni mchimbaji, yuko Nyamongo."

"Basi mpandishe juu, uje naye. Simpimi mtu nusu."

Wakati wa kurudi nilishuka Nyamongo. Mume wangu alitoka kwenye duara, yaani shimo lao la dhahabu, akiwa na vumbi la kutosha kukandika nyumba mbili. Nilipomwambia, alicheka. "Mimi nipimwe nini? Mwili huu?"

"Mitamba yako ikikosa mimba zizi zima, unaanza kumkagua nani?"

Mkurya hawezi kudanganya kuhusu ng'ombe. "Dume," alisema polepole, kama mtu anayekabidhi rungu.

Tulikwenda wote. Damu zikachukuliwa, nikapitishwa kwenye mashine inayoangalia tumbo, naye akapewa kikopo na kuonyeshwa mlango. Alikaa humo muda ambao ungetosha kuchimba kisima. Majibu yalipotoka, sote tulikuwa wazima. Daktari alituangalia kama sufuria inayovuja bila tundu.

"Kwa mwezi mnakuwa pamoja siku ngapi?"

"Tano," mume wangu alijibu kwa fahari. "Na sijawahi kukosa."

"Siku zipi?"

Hapo ndipo alipoeleza masharti ya duara lao. Mchimbaji akiwa kazini hamgusi mke, dhahabu itanuna. Na mke akiwa kwenye siku zake, mume asitelemke shimoni kabisa, ataleta balaa. Kwa hiyo mimi nikianza tu, nilikuwa nampigia simu, naye anapanda juu, anakuja nyumbani. Nikimaliza, asubuhi yake anarudi kazini. Miaka mitatu, bila kukosa hata mwezi.

Daktari aliweka kalamu chini. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Baba, wewe ni mkulima?"

"Tangu kuzaliwa."

"Unapanda kiangazi, mvua ikikaribia unafunga mlango na kuondoka. Halafu mnalilaumu shamba."

Nilicheka mpaka foleni ya nje ikanyamaza. Nilikuwa nimebeba tatizo zito kama gunia la mihogo, kumbe! Alituchorea kalenda, akazungushia siku zenyewe, akasema tujaribu miezi kadhaa, ikishindikana turudi.

Kalenda tulikuwa nayo, lakini mume wangu alikuwa na hofu. "Nitawaambia nini wenzangu? Wakijua nimetoka kwa mke, watanifukuza."

Ikabidi nimweleze mama mkwe kila kitu, pamoja na safari ya Mugumu. Aliichukua kalenda, akaitundika jikoni kwake, akaomba simu yangu.

"Mura, mwanangu! Mama yako naumwa mgongo. Panda juu uje."

"Mama, umeanza lini?"

"Naanza kesho. Mkeo atakuonyesha tarehe."

Tangu hapo mgongo wa mama mkwe ukawa na ratiba. Kila mwezi, siku zilezile, aliugua vibaya mno. Asubuhi alikuwa analima nusu eka, mchana anapiga simu kwa sauti ya kukata roho. Kule Nyamongo wachimbaji walimhurumia mpaka wakamtumia dawa ya kuchua, na mafuta yenyewe akanipa mimi.

Mahindi yalivunwa. Alikuja na kigoda chake, macho kwenye tumbo langu.

"Mama," nikamwambia, "mwezi huu mgongo usikuume. Hauna kazi."

Aliruka, naapa, kwa kimo cha mlango. Ng'ombe wake hawakutoka zizini. Mmoja wao amezaa, na maziwa yake yananifikia kila asubuhi. Anayaleta mwenyewe, amebeba kibuyu kichwani, mgongo umenyooka kama nguzo ya umeme.