Ndoo ya Maji ya Kisima

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ilikuwa Jumamosi ya jua kali, na mimi nilikuwa na ndoo tupu mkononi. Mume wangu Hemedi alikuwa amechuchumaa mbele ya nyumba yetu ya Kariakoo, akisugua ubavu wa gari kuukuu kwa msasa. Nyumba yenyewe usiitafute. Pameota ghorofa hapo, na chini wanauza makava ya simu. Lakini nikipita mtaa ule bado nausikia msasa wake, na moyo unanienda mbio, mimi kikongwe mzima.

Hemedi alikuwa dereva wa lori la watu, lakini ndoto yake ilikuwa kufungua gereji ya bodi. Ujanani alijifunza kunyoosha mabati kwa fundi mmoja wa mtaa wa Gerezani. Gari lile alilinunua likiwa limeliwa na kutu, ukikaa nyuma unaiona lami chini ya miguu yako. Akalitengeneza hapo nyumbani siku za mapumziko tu, miezi kadhaa. Alikata bati bovu lote, hakuacha hata la ukubwa wa kucha, akaunga viraka alivyovichonga kwenye pipa. Mimi nilimshikia viraka visicheze, na mikono yake ikiwa michafu nilimlisha vitumbua. Sijapata tena raha kama ile, nasema kweli.

Bwana mmoja wa Upanga, mwenye gari la zamani alilolipenda kuliko wanawe, alikuwa akipita kutazama kazi. Siku moja akamwambia, "Hemedi, masika haya yakiisha na rangi yako bado imetulia, nakuletea langu. Na wenzangu nawaleta." Basi gereji nzima ikawa inategemea masika yale.

Jumamosi hiyo bati lilikuwa limesuguliwa mpaka likawa jeupe. Kabla ya kulipaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu, lilitakiwa lioshwe vumbi lote na kukaushwa. Hemedi akaniita kwa jina la binti yetu, bila kuinua kichwa:

"Mama Zuhura, hebu kaniletee maji baridi kwa Bi Hadija. Ya kisimani usinitie hapa, yana chumvi."

"Nimesikia," nikamjibu.

Wewe mtoto wa Dar unajua mambo haya. Kisima chetu cha uwani kilikuwa cha kufulia na kudekia, na maji baridi, yasiyo na chumvi, tulichota kwenye bomba la jirani. Jirani ndiye huyo Bi Hadija, na wiki ile nilikuwa simsemeshi. Siku chache nyuma alitoka barazani kajifunga kanga iliyoandikwa "Hasidi hana sababu", akanitazama, nami nikaona neno hilo ni langu. Leo nikamgongee mlango na ndoo? Mimi? Heri nife! Nikaingia uwani, nikateka kisimani ndoo ikajaa, kisha nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikazunguka ili nitokee upande wa kwa Bi Hadija. Nilijiambia maji ni maji. Hemedi akaipokea ndoo, akasema, "Mungu akuweke." Neno lile linanichoma hadi leo.

Hasira hasara, wazee walishasema, lakini mwenye hasira hana masikio.

Gari likapakwa rangi, likang'aa, watoto wa mtaa wakawa wanakuja kujitazama meno kwenye milango. Masika yakaingia, Jangwani ikafurika kama kawaida yake. Mvua hazijaisha vizuri, rangi ikaanza kuvimba malengelenge chini ya milango. Bwana wa Upanga akaja, akabonyeza moja kwa kidole, likapasuka na kumwaga unga mwekundu wa kutu. Hakusema neno baya. Aliaga kwa adabu, na hakurudi tena.

Hemedi akakaa barazani, akavigeuza viganja vyake na kuvitazama.

"Kutu niliikata yote, Mama Zuhura," akaniambia. "Yote. Basi mikono yangu haina baraka."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema, mwanangu, kwamba ni chumvi ya kisima iliyobaki chini ya rangi. Nilifungua mdomo. Nikasema, "Nikuletee chai?"

Gari akaliuza, na tangu hapo hakushika msasa. Bawaba ya mlango ikilegea, anaita fundi. Baiskeli ya mjukuu ikikatika mnyororo, utamsikia, "Ipelekeni kwa fundi, mikono yangu haina baraka." Na mimi kila mara nikajiambia nitamweleza kesho. Mwanzoni niliogopa hasira zake. Baadaye niliogopa kwamba nimechelewa. Mwisho nikaogopa msamaha wake, maana Hemedi alikuwa mtu wa kusamehe upesi. Akafa hajui.

Nilipokaa eda, aliyenipikia uji ni Bi Hadija. Tulikwishapatana zamani. Kanga ile, kumbe, alizawadiwa, na kusoma hajui, alipenda maua yake tu. Cheka, ukitaka. Nikamweleza habari ya ndoo, naye akaweka bakuli chini.

"Bomba langu halikuwa na kufuli," akasema. "Haya, hiyo ni hasira ya siku moja. Lakini mtu umelala naye mto mmoja miaka yote, ukashindwa kumwambia 'ni mimi'? Mwenzangu, ulimnyima mikono yake."

Ujana siutaki, na nyumba ile waliobomoa wamebomoa. Natamani asubuhi moja tu, Hemedi kachuchumaa pale, nimwambie: maji yalikuwa ya kisimani, baba, mikono yako haina kasoro. Huwa nayasema peke yangu nikikunja nguo. Wajukuu wanadhani nasoma dua.

Kwa hiyo nisikilize. Najua ninyi mnatengeneza magari kwa kutazama simu, na simu inajua kila kitu. Kutu ikate mpaka ufike kwenye bati zima, na uoshe kwa maji baridi hata kama bomba liko kwa mtu mliyenuniana. Kamgongee. Na ukiharibu kazi ya mwenzako, mwambie siku hiyo hiyo, kabla hajaanza kutafuta kosa ndani ya nafsi yake. Atafoka, mtalala mmepeana migongo, asubuhi mtakunywa chai. Mficha uchi hazai. Mimi nilificha, na mume wangu akaishi na kuzeeka akijidharau kwa kosa ambalo si lake.

Mola aibariki mikono yako, mwanangu, na ya yule unayempenda. Akupe ulimi mwepesi wa kusema "ni mimi" wakati mwenye kukusikia angali hai. Amin.